Vidole Nilivyovinyoosha

Siku ya kuniaga, mkuu wa idara alisoma vyeo vyangu vyote kuanzia cha kwanza, na ukumbi mzima ukapiga makofi kwa adabu huku macho yakiwa kwenye sambusa. Mimi nilikuwa natazama mikono. Ni ugonjwa wa kazi yetu, nao hauishi kwa kustaafu: nani anainua bega anapopokea sahani, nani anashika glasi kwa vidole viwili kwa sababu vitatu vinamuuma na hataki kusema. Baadaye nyinyi vijana wa idara mkaniomba niwaandikie chochote cha kuwafaa. Vyeo mmekwisha kuvisikia. Nitawaandikia miaka yangu ya mwanzo, kuanzia 1990 mpaka mwanzoni mwa 1994, na hasa jambo moja nililolifanya kwa bidii kubwa na nia njema, ambalo halikusomwa ukumbini.

Nilizaliwa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, binti wa fundi cherehani. Nilipomwambia baba kwamba nimemaliza masomo ya kuwa kine, kama tulivyoitwa kwa Kifaransa sisi watu wa tiba ya viungo, alidhani nitakuwa nawakanda wacheza mpira. Hata hivyo alinishonea gauni jeupe la kazi lenye mifuko sita, kwa hesabu yake kwamba mganga ana vitu vingi. Nilikuwa na kalamu moja na kipima pembe cha plastiki. Siku ya kwanza nilifika hospitalini saa moja kasoro asubuhi nikiwa nimebeba mifuko minne mitupu.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Salvator, Mrundi mwembamba aliyekuwa ameishi Kigali miaka mingi na ndiye aliyekiongoza chumba chetu. Chumba chenyewe kilikuwa na vitanda viwili vya mazoezi, roda ya kuvutia kamba iliyoning'inia darini, kioo kilichopasuka kona, na mifuko ya mchanga iliyoshonwa kwa mashuka ya zamani. Hakuniuliza nilisoma nini. Aliniambia ninawe mikono, kisha niikalie mpaka ipate joto. Mkono wa baridi, alisema, unasema uongo, kwa sababu msuli wa mgonjwa unaushtukia na kukaza, halafu wewe unaandika kwenye faili kwamba umekakamaa.

Wiki ya kwanza hakunipa mgonjwa hata mmoja. Siku ya tatu alikuja na mguu wa mbuzi, na kabla sijauliza akaniambia bucha ni la jirani zetu Waislamu wa Nyamirambo, kwa hiyo nyama ni halali, nisihangaike kuhusu chakula cha mchana. Tuliuchuna juu ya meza kwa kisu kidogo. Chini ya ngozi misuli ilikuwa imelala kila mmoja ndani ya ala yake nyeupe, na ndani ya ala kulikuwa na mafungu, na ndani ya mafungu nyuzi, na kila uzi ukiuchambua kwa kucha unakuta nyuzi nyingine, kama uzi wa baba unapofumuka. Akaniambia niache nyama nyekundu, nitafute ile kano nyeupe inapoishia, niivute. Niliivuta, na kwato ikakunjika kama mbuzi yu hai. Nilishtuka, yeye akacheka.

Aliniuliza nimejifunza nini. Nikamtajia jina la ule msuli kwa Kilatini. Alisema mbuzi huyu hakusoma Kilatini na alitembea vizuri tu. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari na kuyapigia mstari:

"Msuli unavuta. Hausukumi hata siku moja. Huu ukivuta, mwenzake wa upande wa pili akubali kulegea. Halafu utazame unaanzia wapi na unaishia wapi, ujue umevuka viungo vingapi njiani."

La kwanza na la pili niliyaelewa palepale. La tatu nililipigia mistari miwili, na sikulielewa. Mchana tuliula ule mguu na wali, na ulikuwa mgumu.

Alinifundisha kupima nguvu kwa mkono, kutoka sufuri mpaka tano. Tano ni msuli mzima unaoshindana nawe. Tatu unainua uzito wa kiungo chake wenyewe basi. Mbili unakisogeza kikiwa kimelazwa. Moja haionekani kwa macho: unaweka kidole juu ya kano, unamwambia mgonjwa ajaribu, na chini ya kidole chako kitu kinagutuka kidogo. Mara ya kwanza kuipata hiyo moja, kwenye paja la mama mmoja aliyekuwa hajasimama kwa miezi minne, nilitoka nje nikalia kidogo kwa furaha. Salvator alinipa dakika tano kisha akaniita nirudi kazini.

Jioni nilikuwa namsimulia baba. Nilimwambia upo msuli mrefu unaopita pajani kwa mshazari, na Wafaransa wanauita wa fundi cherehani, kwa sababu ndio unaokunja mguu wa fundi anayeshona amekaa chini. Alifurahi sana, akawatangazia wateja wote kwamba hata Wazungu wameutambua ufundi wake. Baba hakuwahi kushona amekaa chini maisha yake yote. Alikuwa na kiti, tena chenye mto.

Oktoba mwaka huohuo vita vilianza kaskazini, na majeruhi wakaanza kuletwa. Salvator alihamishiwa wodi ya waliokatwa miguu, na mimi nikaachiwa chumba chetu na wodi ya waliovunjika mifupa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na, niseme ukweli, nilipenda kuachiwa. Hakukuwa na mtu wa kuniambia nikalie mikono.

Tatien aliletwa mwanzoni mwa 1991. Alikuwa fundi mwashi wa Kagarama, mwenye miaka thelathini na kitu, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la miti akijenga ofisi moja huko Kacyiru. Alivunjika shingo upande wa chini. Alilazwa chali wiki nyingi kichwa kikivutwa kwa kamba yenye mawe, na mfupa ulipounga madaktari wakanikabidhi. Nilimpima kwa utaratibu niliofundishwa. Miguu sufuri, kiwiliwili sufuri. Mabega yalikuwepo, kukunja kiwiko kulikuwepo, kukinyoosha hakukuwepo. Kuinua kifundo cha mkono kwenda juu, tatu, cha kushoto kwa shida. Vidole vyote kumi, sufuri.

Wodi ile ilikuwa na vitanda thelathini na haikuwa na pazia. Mkewe, Spéciose, alitembea kutoka Kagarama kila siku na sufuria ya maharage na ndizi kwenye kapu, na kabla ya kumlisha alifunga kitenge kutoka kwenye chuma cha kitanda mpaka dirishani, ili mtu asione. Mnajua watu wa zamani kwetu hawakula mbele za macho ya watu, na mtu mzima kutiliwa chakula kinywani ni aibu isiyohitaji kuelezwa. Kiswahili chake Tatien alikipata kwenye kazi za ujenzi, na nilipomuuliza anataka tumalize na nini, nikitegemea aseme kutembea kama wote wasemavyo, alinijibu taratibu:

"Kutembea nimeachana nayo, muganga. Nyumbani iko watoto, iko mama mkwe. Mimi sirudi kule kufunguliwa mdomo kama kinda. Nikishakula mwenyewe, nitarudi."

Kwa hiyo nilijua tangu mwanzo anachokitaka. Sina wa kumsingizia.

Chuoni tulifundishwa kwamba kiungo kisichosogezwa hukauka, hivyo kila kiungo kipelekwe mpaka mwisho wa njia yake kila siku. Nilivipeleka vyote, asubuhi na jioni. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani, na Spéciose alisikitika, kwa sababu Jumapili wageni wa kanisani walikuja kumwona na kumpa mkono, na mkono uliokunjamana hivyo ulimwogopesha. Aliniomba ninyooshe vidole angalau asalimie watu. Nilimwambia asijali, samaki mkunje angali mbichi, na huyu wetu bado mbichi.

Asubuhi moja, wiki ya sita, nilimkuta Tatien ananisubiri kwa tabasamu. Aliniambia nitazame. Akashusha kifundo cha mkono wa kulia juu ya kipande cha mkate kilichokuwa kwenye shuka, kisha akakiinua kifundo, na vidole vikajifunga vyenyewe juu ya mkate. Aliubeba mpaka karibu na kidevu. Mkono wa kushoto nao akajaribu, ukashika kidogo.

Niliweka kidole juu ya kano zake nikamwambia arudie. Hakuna kilichogutuka. Sufuri ileile. Basi nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba hiyo siyo nguvu ya vidole, ni ufupi tu wa misuli iliyoanza kukauka, na akiendelea hivyo atabaki na kucha za mwewe. Nilimkataza asifanye tena.

Aliutazama mkate, akauacha ukaanguka kwenye shuka. "Sawa, muganga," alisema. "Wewe ndiyo unajua."

Miezi miwili iliyofuata nilimnyoosha. Nilikipinda kifundo nyuma, nikavifungua vidole vyote kwa pamoja, nikahesabu mpaka thelathini, asubuhi na jioni. Wa kushoto niliuvuta zaidi, kwa sababu ndio uliokuwa umejikunja zaidi. Mwishowe mikono yake ililala juu ya shuka imenyooka, laini, mizuri, na Spéciose alinishukuru mbele ya wageni wa Jumapili. Niliandika kwenye faili kwamba hakuna kiungo kilichokakamaa, nikapigia mstari. Nina tabia hiyo ya mistari.

Salvator aliporudi chumbani kwetu alipitia mafaili yote, kisha akaenda kitandani kwa Tatien. Alipima kifundo, akasema kimefika nne, vizuri sana. Akaomba kipande cha mkate, akakiweka kiganjani, akamwambia ainue. Kifundo kiliinuka vizuri. Vidole vikabaki vimening'inia, na mkate ukabingirika. Alikirudisha mara ya pili na ya tatu.

"Zamani ilikuwa inashika," alisema Tatien.

"Zamani lini?"

"Mbele ya muganga kunikataza."

Salvator alimshukuru, akamfunika mikono, tukatoka. Chumbani aliniketisha mezani. Nanyi fanyeni kama nilivyofanya mimi siku ile: legezeni mkono kabisa, acheni kifundo kianguke kwenye ukingo wa meza, na vidole vitafunguka. Sasa inueni kifundo bila kuviamuru vidole. Vinajikunja vyenyewe, kwa sababu kano za vidole hazianzii mkononi. Zinatokana na misuli iliyoanzia huku karibu na kiwiko, zinapita chini ya kifundo, ndipo zinafika ncha za vidole, na kifundo kikiinuka njia yao inakuwa ndefu na zinavutika. Kwa mtu mwenye vidole vizima hilo ni jambo dogo. Kwa Tatien, ambaye vidole vyake havikuwa na amri tena, ule ufupi ndio uliokuwa nguvu pekee iliyobaki. Mwili wake ulikuwa umeanza kujitengenezea mshiko, mimi nikaufumua.

"Ulikuwa msuli mfupi wenye kazi," alisema Salvator. "Sasa ni mrefu, hauna kazi."

Nilimwambia nilifanya kama tulivyofundishwa. Alisema anajua, na kwamba chuo kilinifundisha vidole vitakavyoamka, siyo hivi. Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningepata nafuu. Nilimuuliza kama atamweleza Tatien yeye, maana ni mkubwa wangu, akanijibu kwamba mikono iliyomnyoosha haikuwa yake.

Sikumwambia Tatien siku hiyo, wala kesho yake. Siku tatu nilimfanyisha mazoezi ya mabega kwa makini ya ajabu, na kila alipotaka kuongea nilikuwa nahesabu. Niliogopa atanikataa mbele ya wodi nzima. Zaidi ya hapo niliogopa hatanikataa, atasema tena kwamba mimi ndiye ninayejua.

Siku ya nne nilisubiri Spéciose amalize kumlisha na kukunja kitenge, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na kusema. Sikutumia neno hata moja la chuoni. Nilisema kwamba siku ile ya mkate yeye ndiye aliyekuwa sawa, mimi nilikosea, na kwa kumnyoosha nimeuondoa mshiko wake. Spéciose alishika mdomo, akasema ni yeye aliyeniomba. Nikamwambia aliomba kwa upendo, na mimi ndiye niliyesomea kukataa. Tatien aliigeuzia macho mikono yake juu ya shuka.

"Siku ile. Ilikuwa kweli nashika?"

"Ulikuwa unashika."

"Basi rudisha."

Kurudisha ni kazi ya polepole kuliko kuharibu, kila fundi anajua. Tulivikunja vidole vyake juu ya bandeji iliyoviringishwa, tukavifunga kwa banzi la plasta usiku na mchana, tukimfungulia kwa mazoezi tu. Kanuni ilikuwa moja, nami niliibandika ukutani juu ya kitanda chake kwa lugha tatu ili wauguzi wasije wakatusaidia: vidole vifunguliwe kifundo kikiwa chini, vikunjwe kifundo kikiwa juu, kamwe visinyooshwe pamoja na kifundo. Plasta ilipoadimika kwa sababu ya vita, baba alinishonea vifuko vya jinzi vyenye kamba za kuvishikilia vidole vikiwa vimekunjwa. Alishona sita, akavirudia vitatu kwa sababu mshono haukumridhisha. Nilikuja Jumamosi na Jumapili pia, na Tatien hakuwahi kunishukuru kwa hilo, na alikuwa na haki.

Kila Ijumaa Salvator alikuja na kipande cha mkate. Kilianguka Ijumaa nyingi sana. Mwezi wa tatu nilimwambia huenda haitawezekana, naye akaniuliza kama nimemwona Tatien akiacha kuinua. Mwezi wa tano, mkono wa kulia ulishika. Ulishika vibaya, mkate ukiwa umekaa upande, lakini haukuanguka. Salvator aliurudisha, ukashikwa tena, na akaenda kwa wagonjwa wengine.

Kijiko tulikiviringishia kitambaa ili shina liwe nene. Siku ya kukijaribu, Spéciose alifunga kitenge chake kama kawaida, ila safari hii alibaki upande wetu wa nje akiwa ameshika sahani ya pili isiyo na kazi. Tulisikia kijiko kikigonga bakuli, kikianguka, kikitafutwa, kikigonga tena. Ilichukua karibu saa nzima, na maharage yalipokwisha tulisikia kijiko kikikwaruza chini. Spéciose alilia waziwazi, nami pia. Wiki mbili baadaye, mwaka 1992, alirudi Kagarama kama alivyosema.

Wa kushoto haukurudi. Kifundo chake kilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na mimi niliuvuta zaidi, na tulichokifanya chote kwa miezi hiyo hakikufua dafu. Ulibaki umenyooka, laini, mzuri.

Nilianza kupewa wanafunzi, na nilikuwa nawafundisha wasikinyooshe kitu kilichokunjika kabla ya kumuuliza mwenyewe anakitumia kwa kazi gani. Niliwaambia kwamba mgonjwa akikuonyesha jambo kwa tabasamu, utoe kidole chako kwenye kano na utazame kwanza. Sikuwaambia nilijuaje. Mwisho wa 1993 nilikwenda Kagarama kumjulia hali Tatien. Alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, amenenepa, anakunywa chai kwa kikombe chenye mkono mpana alichonunuliwa na Spéciose, na watoto wanapita wakiingia na kutoka bila kumtazama, kama watoto wanavyompita baba yeyote anayekunywa chai. Tuliongea mambo ya kawaida. Nilipoaga, aliinua mkono wa kushoto kwa bega, vidole vikaning'inia.

"Wa kulia umenirudishia," alisema. "Huu bado iko kwako."

Nilimwambia najua. Akaniuliza kama wanafunzi wangu wanajua. Nikasema hapana. Akasema basi niwalete, atawaonyesha yeye mwenyewe, kila mwaka wapya, kwa sababu maneno ya mdomo wanafunzi huyaandika tu na kuyapigia mstari.

Januari 1994 niliwapeleka watatu. Aliwataka kila mmoja ashike mkono wa kulia akiinua kifundo, asikie vidole vinavyofunga, halafu ashike wa kushoto. Kisha akanigeukia, akasubiri. Niliwaeleza yote mbele yake, siku ya mkate, lile katazo, zile siku tatu za uoga. Alinisahihisha mahali pamoja tu: nilisema mkono wa kushoto ulikuwa unashika kidogo, akasema hapana, ulikuwa unashika vizuri, mimi sikuutazama sana.

Ya Aprili mwaka huo, mauaji yalipoanza, na ya miezi iliyofuata sitayaandika hapa, na si kwa kuwa nimeyasahau. Mzee Salvator aliwahi kurudi kwao, na habari zake zilinifikia mara moja tu. Tatien na Spéciose hawakutoka Kagarama wakiwa hai. Tatien alikuwa ameahidi kuwaonyesha wanafunzi kila mwaka, akapata mwaka mmoja. Miaka mingine yote nimewaeleza mimi kwa mdomo, na sasa kwa maandishi, kwa sababu mkono ule wa kushoto bado uko kwangu.